2¹²⁷ − 1: namba tasa ya tarakimu 39 iliyothibitishwa kwa mkono

Namba yenyewe ni hii: 170141183460469231731687303715884105727. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alitangaza kwamba ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Ilikaa miaka 75 ikiwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana, mpaka 1951. Na mpaka leo ndiyo inayotajwa kuwa kubwa kuliko zote zilizopatikana bila msaada wa mashine.

Wengi wakisikia habari hii hudhani Lucas alijaribu vigawo kimoja kimoja mpaka vikamwishia. Sivyo, na wala isingewezekana. Hebu tuanzie hapo, kwa sababu asiyeona ukubwa wa njia ile hataona thamani ya njia aliyoitumia.

Kwa nini kujaribu vigawo hakufiki

Tuiite namba yetu M. Kama M si tasa, basi ina kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, ambacho ni takriban 1.3 × 10¹⁹. Si kila namba inafaa kujaribiwa. Kigawo tasa chochote cha 2¹²⁷ − 1 lazima kiwe na sura 254k + 1, na kikigawanywa kwa 8 lazima kibakize 1 au 7. Masharti hayo mawili yanaacha k zile tu ambazo zikigawanywa kwa 4 zinabakiza 0 au 1.

Tukianza: k = 1 inatoa 255, si tasa. k = 4 inatoa 1017, inagawanyika kwa 9. k = 5 inatoa 1271, ambayo ni 31 × 41. k = 8 inatoa 2033, ambayo ni 19 × 107. k = 9 inatoa 2287, na hii ni tasa. Kwa hiyo namba ya kwanza inayostahili kujaribiwa ni 2287.

Kuijaribu hakuhitaji kugawa namba ya tarakimu 39. Anza na 2, kisha rudia mara sita: zidisha namba kwa yenyewe, zidisha jibu kwa 2, chukua baki la 2287. Unapata 2, 8, 128, 750, 2083, 900, 804. Hiyo ya mwisho ndiyo baki la 2¹²⁷. Lingekuwa 1, basi 2287 ingekuwa kigawo. Ni 804, kwa hiyo siyo.

Kazi ya dakika chache. Shida ni idadi: hata baada ya kuchuja hivyo zinabaki takriban 2.6 × 10¹⁶ za kujaribu. Mtu anayemaliza moja kila dakika, bila kulala, angehitaji zaidi ya miaka bilioni 48. Hata kompyuta inayomaliza bilioni moja kila sekunde ingechukua karibu siku 300.

Njia ya Lucas, kwa namba ndogo kwanza

Tuchukue ndugu yake mdogo, 2⁷ − 1 = 127. Anza na 3. Kila hatua: zidisha namba kwa yenyewe, toa 2, chukua baki la 127. Rudia mara tano, kwa kuwa 7 − 2 = 5.

3
3² − 2 = 7
7² − 2 = 47
47² − 2 = 2207, baki 48
48² − 2 = 2302, baki 16
16² − 2 = 254, baki 0

Imefika sifuri, basi 127 ni tasa. Hakuna kigawo hata kimoja kilichojaribiwa.

Sasa 2¹¹ − 1 = 2047, hatua tisa: 3, 7, 47, 160, 1034, 620, 1609, 1471, 160, 1034. Haikuishia sifuri. 2047 si tasa, na kweli ni 23 × 89. Angalia kwamba hesabu haikunong'ona lolote kuhusu 23 wala 89. Inatoa hukumu bila kuonyesha ushahidi wa kawaida tuliouzoea. Lucas huyohuyo alionyesha mwaka 1876 kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa, na hakuna aliyejua vigawo vyake mpaka 1903, Frank Nelson Cole alipovitoa: 193707721 × 761838257287.

Kwa M hatua ni 125. Kila hatua ni kuzidisha namba ya tarakimu 39 kwa yenyewe, kisha kutafuta baki. Kuzidisha ni kazi, lakini mtu hodari ataimudu. Kinachochosha na kuleta makosa ni kugawa. Na hapa ndipo umbo la namba linapookoa.

Kugawa bila kugawa

Ukiandika M kwa mfumo wa sifuri na moja unapata moja 127 zilizopangana, bila sifuri hata moja. Maana yake, mbele ya M (yaani tukiangalia baki la kugawa kwa M peke yake), 2¹²⁷ ni sawa na 1. Tarakimu yoyote inayovuka nafasi ya 127 upande wa kushoto inarudi kuingilia upande wa kulia, nafasi ya kwanza. Kuzidisha kwa 2 ni kuizungusha namba nafasi moja tu. Baki linajitokeza lenyewe.

Lucas aliligeuza jambo hili kuwa kazi ya kete juu ya ubao. Ubao una mistari 127 na safu 127, sawa na vyumba 16,129. Kete ni 1, chumba kitupu ni 0. Tuione kwa ubao mdogo wa 7 kwa 7, tukizidisha 48 kwa yenyewe mbele ya 127.

48 ni 0110000. Ina moja mbili: kwenye nafasi ya 4 na ya 5, tukihesabu kutoka kulia na kuanza na 0. Basi tunaweka nakala mbili za 48: moja imezungushwa kushoto nafasi 4, nyingine nafasi 5.

0000110
0001100

Jumlisha safu kwa safu. Pale kete mbili zinapokutana safu moja, ziondoe zote mbili, weka moja kwenye safu ya kushoto yake. Ikitokea safu ya kushoto kabisa imefurika, kete inahamia safu ya kulia kabisa. Jumla ni 0010010, yaani 18. Kutoa 2 ni kuondoa kete ya safu ya pili kutoka kulia. Inabaki 0010000, yaani 16, sawasawa na hapo juu. Hatua inayofuata ni rahisi kupita kiasi: 16 ina kete moja, nafasi ya 4. Izungushe nafasi 4, inatua kwenye safu ya pili kutoka kulia. Toa 2. Ubao mtupu.

Kwenye ubao mkubwa kila nakala ina kete 63 au 64 kwa wastani, na nakala zenyewe ni idadi hiyohiyo, kwa hiyo hatua moja inadai kupanga takriban kete 4,000. Mara 125, ni karibu kete 500,000. Ni kazi ya majuma, lakini ni kazi ya binadamu, na hakuna hatua yake inayohitaji ujuzi kupita kuhesabu mpaka mbili.

Sifuri inathibitisha nini hasa

Hapa ndipo msomaji makini anapaswa kusita. Kwa nini mchezo wa kuzidisha na kutoa 2 useme lolote kuhusu vigawo?

Chukua w = (3 + √5)/2 na mwenzake v = (3 − √5)/2. Jumla yao ni 3. Zao lao ni 1. Ukizidisha jumla kwa yenyewe unapata w² + v² + 2, basi ukitoa 2 inabaki w² + v². Kumbe kila hatua inaongeza kipeo maradufu: baada ya hatua n tuna jumla ya w na v, kila mmoja akiwa kwenye kipeo cha 2ⁿ.

Tuseme baada ya hatua 125 jumla hiyo ni sifuri mbele ya M. Zidisha pande zote kwa w kwenye kipeo cha 2¹²⁵. Kwa kuwa wv = 1, inabaki kwamba w kwenye kipeo cha 2¹²⁶ ni −1. Basi kwenye kipeo cha 2¹²⁷ ni 1, na haikuwahi kuwa 1 kabla ya hapo. Yaani w ana vipeo tofauti 2¹²⁷ kamili kabla ya kujirudia.

Sasa tuseme M ina kigawo tasa q kisichozidi kipeuo chake cha pili. Hayo yote yaliyo kweli mbele ya M ni kweli mbele ya q. Lakini mbele ya q, namba za sura a + b√5 ni q² tu, na ukiondoa sifuri ni q² − 1. Idadi hiyo ni ndogo kuliko M, nayo M ni ndogo kuliko 2¹²⁷. Vitu 2¹²⁷ tofauti haviwezi kuenea mahali pasipofikia hata 2¹²⁷. Basi q hayupo, na M ni tasa.

Uthibitisho huu mfupi haukuwa mikononi mwa Lucas kwa ukamilifu. Maelezo yake yalikuwa na mapengo. Aliyeyaziba na kulipa jaribio sura inayotumika leo ni Mmarekani D. H. Lehmer, mwaka 1930. Ndiyo maana jaribio linabeba majina yote mawili, Lucas na Lehmer.

Mtego wa namba ya kuanzia

Ukisoma vitabu vingi utakuta jaribio linaanza na 4, si 3. Tofauti si ya mapambo. Jaribu 2⁵ − 1 = 31 kwa kuanza na 3, hatua tatu: 3, 7, 16, 6. Haikufika sifuri, ilhali 31 ni tasa. Anza na 4: 4, 14, 8, 0.

Sifuri ikitokea, ni uthibitisho, uwe umeanza na 3 au 4. Ni kukosekana kwa sifuri ndiko kunakohitaji sharti. Kuanza na 3 kunaleta √5 kwenye hesabu, na ili namba tasa ifike sifuri lazima 5 isiwe na kipeuo cha pili mbele yake. Hilo linatimia pale kipeo kikigawanywa kwa 4 kinabakiza 3, na alama yake ni rahisi kuona kwa macho: 2ᵖ − 1 inaishia na 7. Zinazoishia na 1, kama 31, hazifai kwa 3. Namba yetu inaishia na 7, na 127 ikigawanywa kwa 4 inabakiza 3, kwa hiyo mwanzo wa 3 ni halali. Kuanza na 4 kunaleta √3, na 3 haina kipeuo cha pili mbele ya namba tasa yoyote ya umbo hili yenye kipeo kisichogawanyika kwa 2. Ndiyo sababu 4 inafaa kote. Asiyetaka kukumbuka masharti aanze na 4.

Makosa, na namna ya kuyanasa

Kosa moja kwenye hatua ya 20 linaharibu hatua zote 105 zinazofuata, na halitoi dalili yoyote. Matokeo yatakuwa namba ya tarakimu 39 isiyo na sura, kama tu namba isiyo tasa. Hivyo basi mtu akipata sifuri tumwamini kwa urahisi, kwani kosa la bahati mbaya haliwezi kuangukia sifuri isipokuwa kwa nasibu ya moja katika 10³⁸. Akipata kisicho sifuri, tudai arudie.

Kuna ukaguzi wa hatua kwa hatua. Andika kila hatua hivi: s² − 2 = tM + r, ambapo t ni mara ngapi umeondoa M. M ikigawanywa kwa 9 inabakiza 1, na 127 pia. Kwa hiyo mbele ya 9, s² − 2 lazima ilingane na t + r. Mfano: 2207 = 17 × 127 + 48. Jumlisha tarakimu za 2207 unapata 11, kisha 2. Upande wa pili 17 + 48 = 65, inatoa 11, kisha 2. Zimelingana. Ukaguzi wa 9 hauoni tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, basi ongeza ukaguzi wa 11, ambako M inabakiza 6.

Ukaguzi mzuri kuliko yote uko hatua moja kabla ya mwisho, na unastahili kujulikana zaidi ya unavyojulikana. Kama hatua ya 125 itakuwa sifuri, basi namba ya hatua ya 124 ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 2. Mbele ya M namba za namna hiyo ni mbili tu: 2⁶⁴ na M − 2⁶⁴. Kwenye ubao, mstari wa matokeo utakuwa na kete moja peke yake kwenye nafasi ya 64, au utajaa kete 126 na pengo moja nafasi hiyohiyo. Kwenye mfano wa 127 tuliiona: kabla ya sifuri kulikuwa na 16, ambayo ni 2⁴. Anayekaribia mwisho anajua hukumu hatua moja kabla.

Upande wa pili pia unasaidia. Ukipitiliza hatua moja unapata 0 − 2, yaani M − 2. Ukipitiliza mbili unapata 2, na baada ya hapo ni 2 milele. Programu ikikupa 2, si kwamba namba imeshindwa. Umehesabu hatua vibaya. Na usisahau kwamba mstari uliojaa kete zote 127 ni M yenyewe, kwa hiyo ni sifuri kwa sura nyingine. Programu inayolinganisha na 0 bila kuangalia hilo itakanusha namba tasa ya kweli.

Kwenye kompyuta jaribio zima ni mistari mitano ya Python na linaisha kabla hujainua kidole, kwa kuwa namba nzima za Python hazina kikomo cha tarakimu. Kwenye Excel halifanyi kazi kabisa. Excel inashika tarakimu 15 za mwanzo, hivyo 2¹²⁷ − 1 na 2¹²⁷ kwake ni kitu kimoja, na kila baki linalofuata ni takataka. JavaScript ina ugonjwa huohuo mpaka utumie BigInt, aina yake ya namba nzima zisizo na kikomo cha tarakimu.

Kosa jingine la waandishi wa programu ni kutumia jaribio la Fermat kwa msingi wa 2, yaani kuipitisha namba n kama 2 kwenye kipeo cha n − 1 inabakiza 1. Kwa namba za umbo hili zenye kipeo tasa linapitisha kila kitu: 2²⁰⁴⁶ mbele ya 2047 ni 1, ingawa 2047 ni 23 × 89, kwa sababu 2¹¹ ni 1 na 2046 inagawanyika kwa 11. Tumia msingi wa 3.

Tabia nyingine zinazotokana na umbo lilelile

Kutafuta kipeuo cha pili mbele ya M hakuna ujanja wowote: zidisha namba kwa yenyewe mara 125 mfululizo. Kama ina kipeuo, ndicho hicho. Mbele ya 127 ni mara tano: 2 inapita 4, 16, 2, 4 na kutua kwenye 16, na 16 × 16 = 256, ambayo inabakiza 2.

Kwa usimbaji wa siri, umbo hili ni neema na hatari kwa pamoja. Neema: biti 127 zinakaa ndani ya maneno mawili ya biti 64 na nafasi moja ya ziada inabaki kwa kubeba. Ndiyo maana FourQ, mkunjo wa duaradufu (elliptic curve) wa kusimbia siri uliotolewa mwaka 2015 na Craig Costello na Patrick Longa wa Microsoft Research, umejengwa juu ya M. Hatari: M − 1 inavunjika vipande vidogo mno, 2 × 3³ × 7² × 19 × 43 × 73 × 127 × 337 × 5419 × 92737 × 649657 × 77158673929. Anayeficha siri kwa vipeo vya kawaida mbele ya M anashambuliwa kipande kwa kipande, na kipande kikubwa kabisa kinadai hatua laki tatu hivi. Mikunjo haina udhaifu huo, kwa kuwa idadi ya nukta zake haifuati M − 1.

Mnyororo ulioishia hapa

2² − 1 = 3. 2³ − 1 = 7. 2⁷ − 1 = 127. 2¹²⁷ − 1 ni namba yetu. Zote ni tasa, na kila moja ni kipeo cha inayofuata. Eugène Catalan aliuona mnyororo huu mara Lucas alipotangaza matokeo yake, na swali likafuata lenyewe: je, 2 kwa kipeo cha M, kutoa 1, nayo ni tasa?

Ina tarakimu zaidi ya 5 × 10³⁷. Jaribio la Lucas na Lehmer lingetaka hatua karibu 1.7 × 10³⁸, na namba yenyewe haina pa kuandikwa. Namba tasa kubwa iliyotangazwa Oktoba 2024, 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, ina tarakimu 41,024,320 tu. Kinachowezekana ni kuwinda kigawo, kwa sharti lilelile tulilolitumia kwa 2287: sura 2kM + 1, k ikigawanywa kwa 4 ibakize 0 au 1. k = 1 inatoa 2¹²⁸ − 1, inagawanyika kwa 3, inaachwa. Kwa kila inayobaki, anza na 2, zidisha kwa yenyewe na maradufu, mara 126. Likibaki 1, mnyororo umekatika. Bado halijabaki 1 kwa namba yoyote iliyojaribiwa.